Kagua kipimo na vali kabla ya kugusa kontrola

Joto la tangi likianza kupanda na kushuka bila kutulia, wa kwanza kulaumiwa huwa kontrola, kifaa kinachosoma joto na kuiamuru vali ya mvuke ifunguke au ijifunge. Mafundi wengi niliofanya nao kazi viwandani hukimbilia kubadilisha namba za PID, yaani zile zinazoamua kontrola ijibu kwa nguvu na kasi gani, na mashine ikitulia kidogo wanafunga kabati na kuondoka. Ushauri wangu: namba hizo ziguswe mwisho. Njia ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942 ya kuchagua namba hizo naiheshimu sana, ila haiwezi kuponya kipimo kinachodanganya wala vali iliyokwama.

Anza na ishara. Transmita nyingi, vifaa vinavyopeleka kipimo kwenye kontrola, hutuma mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Nne ndiyo sifuri ya kipimo, 20 ndiyo kilele. Haikuanzia sifuri kwa sababu nzuri kabisa: waya ukikatika mkondo unaanguka hadi 0, nawe unajua papo hapo kwamba saketi imekatika, si kwamba tangi limekauka. Sasa chukua transmita iliyopangwa nyuzi 0 hadi 200. Mita ikisoma miliampia 12, joto ni nyuzi 100. Kama skrini ya opereta inaonyesha 150, kuna mtu kaipanga skrini 0 hadi 300, na kontrola inafuata joto lisilokuwepo.

Lakini kabla hujachomoa waya ili upitishe mita, zungumza na opereta na uweke kontrola kwenye manyuali, yaani vali iamriwe na mtu, si na kontrola yenyewe. Ukikata saketi ikiwa kwenye otomatiki, kontrola itaona baridi kali na kufungulia mvuke wote. Hapo watu wanaungua. Uliza pia kama ishara hiyohiyo inalisha mfumo wa kuzima mtambo.

Kwa mtiririko unaopimwa kwa tofauti ya presha, hakikisha kipeuo cha pili, hesabu inayogeuza tofauti hiyo kuwa mtiririko, kinatolewa mahali pamoja tu. Kikitolewa kwenye transmita kisha tena kwenye kontrola, mtiririko wa asilimia 50 utasomeka karibu 71, huku 0 na 100 vikisomeka sawasawa. Ndiyo maana kosa hili huishi muda mrefu bila mtu kulishtukia.

Kihisi cha joto nacho kichomoe ukitazame. Ncha yake isipogusa kitako cha mfuko wake wa chuma, hewa iliyobaki humo inachelewesha habari, na habari iliyochelewa inatosha kuyumbisha mtambo mzima.

Halafu nenda kwenye vali kwa miguu yako. Kontrola ikiwa kwenye manyuali, mwombe mwenzako aongeze amri asilimia moja moja huku macho yako yakiwa kwenye shina la vali. Nimeona shina likikaa kimya amri ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha likaruka kwa mkupuo. Vali ya namna hiyo imekwama, mara nyingi kwa sababu pakingi, vizibo vinavyolizunguka shina, imekazwa kupita kiasi ili kuzuia uvujaji. Kontrola itaendelea kuisukuma, itapitiliza, itairudisha, na utadhani namba ndizo mbovu.

Ukiwa hapohapo kwenye manyuali, iache amri ilipo na utazame grafu. Mawimbi yakikoma, ugonjwa umo ndani ya mzunguko wako wa kipimo, kontrola na vali. Yakiendelea vilevile, yanatoka kwingine: fuata bomba kurudi nyuma, ukague kwanza presha ya mvuke unaoingia.