Fyugu: neno moja, mbio mbili
Ndugu, umeuliza kama fyugu ya Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, na ile ya wanasaikolojia zinahusiana. Zinahusiana, mzizi ni mmoja: Kilatini "fuga", yaani kukimbia. Kwenye muziki sauti moja huanza peke yake na kipande kifupi cha wimbo. Ya pili hukidaka, kwa kawaida kuanzia so kama ya kwanza ilianzia do, na ya kwanza haisimami kuingoja. Zinakimbizana hivyo. Kwenye saikolojia anayekimbia ni mtu, akiwa amesahau yeye ni nani. Kinachonigusa ni kisa cha Ansel Bourne, mhubiri wa Rhode Island, Marekani. Januari 1887 alitoweka, akafungua duka dogo Norristown, Pennsylvania, akijiita A. J. Brown. Machi akaamka asubuhi moja akiuliza yuko wapi. Duka hakulijua kabisa.