Kabla hujaweka tiki kwenye "ametelekezwa"

Jumatatu nilikuta fomu ya kupokea mtoto juu ya meza yangu, imejazwa na kijana wetu wa atachimenti, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi, kwa mwandiko wa kuonea wivu. Mtoto mwenyewe aliletwa na polisi Jumapili saa tano usiku. Kufikia saa tatu asubuhi kila kisanduku kilikuwa kimejazwa, na kwenye sababu ya kuletwa kuna tiki: ametelekezwa. Nikamuuliza, "Umejuaje?" Akanijibu, "Si ameletwa na polisi, madam?"

Nimefanya kazi kwenye makao ya watoto huku Eastlands, Nairobi, miaka 17. Nayaandika haya ili nisipige kelele tena mpaka wapishi wachungulie dirishani. Ni yenu nyinyi wapya: wa atachimenti, mama wa nyumba, yaani walezi wa mabwenini, mlioajiriwa juzi, na wale mliotoka chuoni na kofia bado mmeitundika ukutani.

1. Siku ya kwanza usimuulize mtoto chochote ila jina lake, kama ana njaa, na kama anaogopa giza. Yaliyompata ameshamweleza polisi, daktari, afisa wa watoto na pengine askari wa getini, na wewe unataka kuwa wa tano. Mwonyeshe choo kilipo na swichi ya taa ilipo. Wengine wanaokojoa kitandani wiki ya kwanza shida yao ni hiyo swichi, wanaona haya kuuliza.

2. Usimwahidi mtoto "nitakuja Jumamosi" kama huna hakika. Ukishasema, njoo, hata Jogoo Road ikiwa imefurika. Na msijifiche nyuma ya "tutaona". Watoto wetu wanajua maana yake ni hapana. Tumewafundisha sisi.

3. Faili.

Mwaka 2009 nilikuwa na miezi minne kazini. Akaletwa mvulana wa kama miaka 7, nitamwita Musa ingawa silo jina lake, pamoja na barua ya kituo cha polisi yenye namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Barua ilisema jirani amemfikisha kituoni baada ya kukaa naye wiki mbili, na mama hajulikani aliko. Siku hiyo wakaguzi walikuwa njiani, bweni la wavulana lilikuwa na kunguni, nami nilikuwa na faili nne za kumaliza. Nikaandika "ametelekezwa na mama", nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai na chapati. Ile chapati naikumbuka mpaka leo.

Neno langu likatembea. Likaingia kwenye ripoti ya mahakama ya watoto, kwa kuwa afisa alinakili kutoka kwangu. Hakimu akatoa amri kwa kutegemea ripoti hiyo. Muda wa amri ulipoisha tukarudi mahakamani, na safari hii mimi nikanakili kutoka kwenye ripoti. Kufikia mwaka wa tatu, kitu nilichokikisia nikiwa na njaa kilikuwa na muhuri, na nikakiamini kana kwamba nimekisikia kwa mtu mwingine. Na mtoto aliyetelekezwa utamtafutia nani? Jina la Musa halikuingia hata mara moja kwenye orodha ya wale tuliokuwa tukiwatafutia jamaa. Karo ilikuwepo, viatu vilikuwepo, mfadhili alimpenda. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama mmoja wa nyumba, akikasirika, alikuwa akimwambia hata mamako alikushindwa. Hilo nalo alilitoa kwenye faili.

Machi 2020 karatasi zetu zilisema Musa ametimiza 18, akataka kitambulisho. Safari hiyo mnaijua: chifu anataka cheti cha kuzaliwa, anataka kitambulisho cha mzazi, anataka maelezo. Musa akaniomba faili lake. Ulikuwa mwezi ule wa amri ya kupunguza watoto kwenye makao kwa sababu ya korona, tunapigia jamaa simu usiku na mchana. (Jamaa ambao faili zilisema hawapo, na ndani ya siku tatu walikuwa getini. Sikujiuliza.) Nilikuwa na simu sikioni, nikamwonyesha kabati kwa kidole. Sikulipitia faili kwanza, wala sikukaa naye akilisoma. Nilimpa kama mtu anavyompa mwenzake gazeti alilokwisha lisoma.

Akakaa kwenye benchi nje ya jikoni, akasoma lote. Nilitarajia arudi na fomu yangu. Akarudi na ile barua ya polisi, akaigeuza. Nyuma, kwa penseli, kulikuwa na namba ya simu na neno "jirani". Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama niliwahi kuipiga.

Miaka 11 namba hiyo ilikaa kwenye kabati, hatua mbili kutoka kwenye kiti changu.

Aliipiga yeye, kwa simu yangu, maana bila kitambulisho hakuwa na laini. Ikapokelewa. Yule mama alikuwa amehamia Kitengela lakini laini hakubadilisha. Alinyamaza kidogo, kisha nikasikia kwenye spika: "Wewe ndiye kale katoto? Mamako hakukutupa. Alilazwa." Mama alikuwa na kifua kikuu, akamwacha mtoto kwa jirani, akafia wodini kabla mwezi haujaisha. Mwenye nyumba akatia kufuli. Jirani alikuwa na wanne wake katika chumba kimoja, ndipo akampeleka Musa polisi, akaacha namba ili jamaa wakija wapate pa kuanzia. Na walikuja. Nyanya yake alitoka Makueni mara mbili, akaambiwa mtoto yuko makao, lakini hakuna aliyeweza kumwambia makao yapi.

Julai, vizuizi vya kutoka Nairobi vilipoondolewa, nilimpeleka. Njia nzima kutoka Machakos nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi. Nyanya alimshika Musa masikio, yote mawili, akasema ni ya babu yake. Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa tayari kutukanwa. Akaniita mwanangu, akanishukuru kwa kumlea mjukuu wake, akaniletea debe la ndengu. Hayo maneno niliyoyapanga sikuyasema. Ndengu nilizipokea.

Musa ni fundi wa vigae sasa, anaishi Pipeline. Tunazungumza. Zamani aliniita anti. Siku hizi ananiita madam.

Kwa hiyo, kijana wangu mwenye mwandiko mzuri: andika ulichokiona na nani amekuambia. "Ameletwa na polisi. Jirani anasema alikaa naye wiki mbili. Mama hajapatikana kwa sasa. Namba ya jirani ni hii, nimepiga leo saa nne." Kisanduku hakitoshi, najua. Geuza karatasi uandike nyuma, nyuma nako ni karatasi. Na andika ukijua kwamba mwenye faili atakuja kulisoma akiwa mtu mzima, na siku hiyo utakuwa umeketi karibu naye, simu umeizima.

4. Mkijadili mpango wa mtoto, mtoto awe ndani ya chumba. Hili halina hadithi.

5. Begi. Mtoto akihama, iwe anakwenda kwa nyanya au kwa mlezi wa kambo, yaani familia inayomlea kwa muda, hatoki na nguo zake ndani ya gunia la mchele. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 nikafikiri sasa tutanunua mabegi, kumbe tulihamia magunia. Nendeni soko la Gikomba. Mtumba wenye zipu inayofunga unatosha.

6. Malezi ya kambo mjifunze vizuri kuliko tulivyojifunza sisi. Tangu 2017 makao mapya hayasajiliwi, Sheria ya Watoto ya 2022 inatusukuma kuelekea familia, na mkakati wa serikali wa kuwarudisha watoto kwenye familia unakwenda hadi 2032. Nyinyi mtafanya kazi sebuleni kwa watu kuliko mabwenini. Basi jueni kwamba mwezi wa kwanza ni fungate. Mlezi anakupigia: "Huyu mtoto ni malaika, anaosha vyombo bila kuambiwa!" Wewe tulia. Mwezi wa pili anapiga akilia, amekuta chapati nne chini ya godoro na moja imeota ukungu. Huo si wizi. Mtoto anaweka akiba kwa sababu maishani mwake chakula kimewahi kuisha. Mwambie mlezi asifunge kabati. Aweke bakuli la njugu mahali mtoto anapoliona, alijaze kila likipungua. Kuna mlezi kule Umoja alijaza bakuli miezi mitano, akanung'unika miezi mitano, na kila mwezi akanitumia bei ya njugu. Nililipa mara mbili.

7. Desemba tunapata wageni wenye keki karibu kila wikendi, Januari hata daftari hakuna. Kubali keki, kataa picha za nyuso, na usimwambie mtoto yeyote acheze ngoma kwa ajili ya unga.

8. Anza maandalizi ya kutoka mtoto akiwa na miaka 14, si wiki ya kuaga. Cheti cha kuzaliwa kwanza. Kisha mtume sokoni. Mvulana wetu mmoja alipanga chumba Kayole, usiku wa kwanza akapika wali kilo mbili peke yake. Alijua kupika, alikuwa msaidizi wa jikoni, ila hajawahi kupika chini ya watu 60. Alikula ule wali siku tatu, akagawia ploti nzima. Hivyo ndivyo alivyojuana na majirani, kwa hiyo sijui kama nimwite mfano mbaya.

9. Mtoto akikuambia jambo usiku ambalo haliwezi kungoja asubuhi, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na wewe ule chakula cha mchana.

Yule kijana wa atachimenti nimempa kifutio na barua ya polisi. Namba ya jirani ilikuwepo, safari hii imeandikwa kwa kalamu. Amepiga mara mbili, inaita tu. Nimemwambia apige tena saa mbili usiku, watu wakiwa wameshafika nyumbani.