Kwa wewe unayeanza kuandika riwaya ya mapenzi ya Krismasi, Nyanda za Juu Kusini

Kila ikikaribia Septemba, vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaorusha hadithi zao kwenye magrupu ya WhatsApp huniuliza jambo lile lile: ile riwaya ya Krismasi yenye mapenzi ya taratibu, inayomwacha mtu na faraja moyoni, inaandikwaje? Nimeziandika kwa miaka kadhaa, na nimezisoma za Uingereza na Marekani nyingi kuliko nilizoandika. Haya ndiyo huwa nawaambia.

Kwanza elewa raha yenyewe inatoka wapi. Msomaji wa riwaya hizi anajua tangu sura ya kwanza nani atamwoa nani. Hajaja kushtushwa. Mwaka umemchosha, ada ya Januari iko kichwani, na anataka akae kidogo kwenye nyumba ambayo watu wake wanatunzana. Mills & Boon iliyoanzishwa London mwaka 1908, na Harlequin iliyoanzishwa Kanada mwaka 1949, kampuni mbili za kuchapisha riwaya za mapenzi, zimesimama juu ya ahadi hiyo moja, kwamba hawa wawili watafika salama. Wengi kwetu huidharau ahadi hii, eti hadithi inayotabirika haina utamu. Mimi naiheshimu sana. Msomaji akishajua kwamba hakuna atakayetekwa wala kulishwa sumu, ndipo anapata nafasi ya kuona mambo madogo: nani kamwachia nani kigoda cha karibu na moto, nani kakumbuka kwamba bibi hatumii sukari.

Kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwenye mahali, na kwenye namna watu wa mahali hapo wanavyojaliana.

Wengi wanaoanza hukimbilia theluji. Achana nayo. Kule ina sababu zake: mwishoni mwa Desemba jua la London halikai hata saa nane kwa siku, giza na baridi vinawakusanya watu ndani. Kwetu Desemba wala si mwezi wa baridi kali. Ile baridi ya Makete inayogandisha umande ni ya Juni na Julai. Desemba yetu ni mvua, na mvua inakutosha kabisa. Lori limelala kwenye mlima wa Kitonga, foleni haisogei, basi la kutoka Dar limejaa watu na maboksi ya zawadi, na siti ya nyuma ya dereva wamekaa wawili wasiojuana, mmoja anashuka Makambako na mwingine anaendelea hadi Uyole. Hapo tayari una sura tatu. Au gari dogo limenasa kwenye tope njia ya Mwakaleli, na anayekuja na jembe kulinasua ni yule yule aliyesoma na mwenye gari darasa la saba. Una ukungu wa mashamba ya chai ya Mufindi, una msitu wa paina wa Sao Hill, na ukitaka kuwatembeza wapenzi wako, Hifadhi ya Kitulo huchanua maua msimu huu huu wa mvua. Si bure watu wanaiita Bustani ya Mungu.

Hapa nina ombi moja, nalo nalisema kwa uzito: usiwalaze wahusika wako chumba kilichofungwa na jiko la mkaa ndani. Najua linapendeza kwenye maandishi. Lakini moshi wake usioonekana unaua watu kweli kwenye mikoa yetu ya baridi, na msomaji huiga anachokipenda. Waweke jikoni, mlango wazi, waote moto hapo.

Sasa mapenzi yenyewe. Huku kwetu Krismasi inaangukia katikati ya kilimo. Mahindi yako shambani, gunia la msimu uliopita linaelekea mwisho, na hela iliyopo inagombaniwa na nguo za watoto, ada na mbolea. Mwandishi mgeni hukwepa haya akidhani yataharibu utamu. Utamu unatokea humo humo. Kwenye riwaya yangu moja nilitaka kijana, Lusajo, amwonyeshe Atupele moyo wake kwa mara ya kwanza, nyumbani kwa mama yake Atupele, na nikaandika hivi:

Mvua ilikuwa imeanza. Lusajo alishusha mfuko wa mbolea barazani, akauegemeza ukutani mbali na matone. Kisha akashuka tena uani, akayaokota mabuti ya Atupele na kuyafunika chini ya upenu yasijae maji.

“Ya nani hiyo?” mama akauliza.

“Ya kukuzia, mama. Mahindi ya bondeni yameshafika magotini. Yakikosa wiki hii yatageuka manjano.”

“Nani amekutuma?”

“Hakuna, mama.”

Mama akamtazama, akautazama mfuko, akayatazama mabuti.

“Ndaga fijo. Ingia, chai ipo.”

“Ndaga fijo” ni asante sana kwa Kinyakyusa. Neno upendo halimo. Lakini aliyewahi kulima anajua bei ya mfuko ule, na anajua kwamba mtu hanunui mbolea ya shamba la wengine bila jambo. Tafuta tendo la namna hiyo kwenye kila sura. Maua ya dukani yaache.

Kizuizi nacho kiwe cha watu wawili wema. Huhitaji adui. Atupele anataka kubaki Rungwe kuendeleza parachichi za marehemu baba yake, Lusajo ana mkataba wa kazi Dar. Wote wana haki, na hilo peke yake litakubeba hadi mkesha wa Krismasi. Riwaya nyingi za Marekani humrudisha binti wa mjini kijijini, akapenda, akaacha kazi yake kana kwamba kazi ilikuwa kosa. Tafadhali usimfanyie hivyo binti yako. Wasomaji wako wengi ni walimu, manesi, wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa. Wanataka kuona mwanamke anapendwa pamoja na kazi yake.

Wazee usiwasahau. Kwetu busu la mwisho halifungi kitabu. Kinachofunga ni mshenga kufika na barua ya posa kusomwa. Mila zitakupa mivutano mizuri ukizijua vizuri. Kwa Wanyakyusa wa zamani, kwa mfano, mke hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Hebu fikiria nyumba ndogo, mvua isiyokatika, na bibi wa nyumba anayeshika mila hiyo: chakula kinapitaje? Ukiandika Iringa au Njombe, salamu ya “Kamwene” mlangoni iwepo, na watoto waamkie. Mambo ya chumbani yaishie mlangoni. Riwaya hizi husomwa kwa sauti, mama na binti kwenye simu moja, na hiyo ni sehemu ya raha yake.

Urefu, maneno elfu ishirini hadi arobaini yanatosha. Anza Agosti, sahihisha Oktoba, uwe na kitabu kizima mkononi kabla ya kurusha sehemu ya kwanza Desemba mosi, maana umeme na mtandao wa kijijini wakati wa mvua si wa kutegemea. Sehemu ya mwisho itoke tarehe 24 mchana, kabla watu hawajaenda mkesha. Na unapoandika “itaendelea”, usimwache msomaji na bastola mlangoni kama tulivyozoea. Mwache na sufuria jikoni na mtu ambaye bado hajarudi kutoka shamba.

Wakishakupenda, watakuomba sehemu ya pili mwakani. Usiwaachanishe Atupele na Lusajo ili upate cha kuandika, ulishaahidi. Mchukue yule mdogo wake Atupele anayeimba kwaya, aliyekuwa anapita tu na ndoo ya maji sura ya tatu, mwandikie yeye ya kwake, na hao wawili waonekane wakiwa barazani, na mtoto.