Usitoe risiti kabla data haijafika diskini

Usiiwashe programu yako ya mauzo dukani kesho. Umesema kwamba kila mauzo yanapoingia, programu yako hulifungua faili upya, huandika orodha nzima na kulifunga, kisha ukauliza kama hilo linatosha umeme ukikatika na UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ya ukubwa gani itakufaa. Halitoshi, na ushahidi ninao kutoka soko la mahindi la Kibaigwa, Dodoma.

Nilimtengenezea mnunuzi wa mahindi pale programu ya kurekodi uzito wa magunia, kwenye kompyuta ya mezani yenye mfumo endeshi wa Linux, kwa mtindo huohuo wako. Alasiri moja umeme ulikatika, na uliporudi nililikuta faili lina baiti sifuri, yaani tupu kabisa. Haukupotea mzigo wa mwisho peke yake, ilipotea siku nzima, kwa sababu kulifungua faili ili kuliandika upya hufuta kwanza yaliyokuwemo, ilhali yale mapya yalikuwa bado kwenye memori, ambayo husahau kila kitu umeme ukikatika. Tulikaa na wakulima hadi usiku tukikusanya vikaratasi vya mizani, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama kompyuta nayo hula mahindi. Nilimjibu kwamba hii ilishinda na njaa.

Aliyenifundisha kazi hii, kwa ada niliyoilipa yote, alisisitiza kuwa ukishalifunga faili, data iko salama. Hakutaja hata mara moja kwamba kulifunga ni kuikabidhi data kwa mfumo endeshi tu, nao huiweka kwenye memori na kuipeleka diskini kwa wakati wake. Katika mipangilio ya kawaida ya Linux inaweza kungoja sekunde 30 hivi, na umeme wetu hauna subira hiyo.

Andika kwenye faili la muda ndani ya saraka (folda) ileile, ita fsync, yaani amri inayoulazimisha mfumo endeshi kuipeleka data diskini, na usome jibu lake, kwa maana ikirudisha kosa hesabu kwamba hujaandika kitu. Ndipo ulipe faili hilo jina la lile la zamani, kisha uite fsync kwa saraka yenyewe. Katika lugha ya Python, f ikiwa ni faili ulilolifungua, tanguliza f.flush(), inayoikabidhi data kwa mfumo endeshi, halafu os.fsync(f.fileno()). Risiti isitoke kabla ya hapo, hata mteja akinuna.

Chomoa waya wa umeme katikati ya mauzo mara kumi, ulinganishe risiti zilizotoka na yaliyomo kwenye faili, kisha urudi hapa utuambie umekuta nini.