Muulize ameacha kufanya nini

Mtu anayefika zahanati kule Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, hasemi ana msongo wa mawazo. Anasema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, tumbo linawaka, mwili hauna nguvu, usiku halali. Anapimwa malaria, haipo. Anapewa dawa ya maumivu, anaondoka, na baada ya siku chache yuko tena kwenye benchi na malalamiko yale yale. Hapo muuguzi abadilishe maswali. "Una mawazo?" halifai kuanzia, maana kila mwenye deni na ada ya shule ana mawazo, naye atakujibu "ya kawaida tu". Muulize ameacha kufanya nini. Mama aliyekuwa hakosi mazoezi ya kwaya sasa hatoki nyumbani. Baba aliyewahi shamba la zabibu alfajiri sasa anaamka saa nne. Binti hasuki tena nywele, kikao cha vikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) hahudhurii. Huzuni mtu anaweza kuificha mbele ya nesi, lakini kazi iliyolala ataitaja mwenyewe, kwa sababu inamuuma.

Andaa mahali kabla ya maswali. Chumba chenye dirisha linalotazama foleni hakifai. Kama ni hicho tu, bora mkae chini ya mti nyuma ya jengo. Salimia kwa utulivu, na kwa mzee wa Kigogo "mbukwenyi" yako itapokewa vizuri kuliko "haya, shida nini?". Msindikizaji mpe dakika kama tano aeleze aliyoyaona, kisha mwombe akasubiri nje. Usilegee hapa. Mume anapojibu kwa niaba ya mkewe, au mama mkwe kwa niaba ya mkwe wake, habari za kipigo na za kutaka kufa hazitatoka kamwe. Kama mteja anajieleza vizuri kwa Kigogo au Kirangi tu, tafuta mtumishi mwenzako atafsiri, wala usimtumie mtoto wake.

Dodoma ina ugumu wake pia. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ipo hapa hapa mjini, kwa hiyo mtu akisikia swali la akili anadhani safari ya kwenda huko imeshaandikwa, anafunga mdomo. Mwambie mapema: "Maswali haya nawauliza wote wanaokuja na shida ya usingizi. Kukuuliza si kusema umechanganyikiwa."

Kisha mwili. Pima joto, mapigo, upumuaji na sukari, na shinikizo la damu baada ya mteja kukaa kimya dakika 5. Aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, asubuhi anaelewa na jioni hajui alipo, mchukulie kuwa mgonjwa wa mwili mpaka uchunguzi uonyeshe vingine: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka chini ya 3.9 mmol/L, nimonia kwa mzee, au mnywaji wa kila siku aliyeacha pombe ghafla. Huyu wa mwisho huanza kutetemeka na kutokwa jasho, na siku ya pili hadi ya nne anaweza kuona vitu visivyokuwepo; anaweza kufa, kwa hiyo usimrudishe nyumbani na ushauri. Uliza dawa anazotumia. Isoniazidi ya kifua kikuu na prednisoloni ya uvimbe na mzio zinaweza kuvuruga akili, na dolutegraviri ya VVU inaweza kuondoa usingizi. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huja polepole na hufanana sana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu unaodumu.

Dalili za msongo zigawe kwa muda. Wa ghafla utauona pale kitini: viganja vina jasho, mdomo mkavu, mapigo yanazidi 100, pumzi zinapita 20 kwa dakika. Wa muda mrefu hukutana nao kwenye kadi: sukari haishuki ingawa dawa anameza, shinikizo linapanda na kushuka, hedhi imevurugika, shingo na mabega vinakaza. Mwaka 1936 mtafiti wa msongo Hans Selye alieleza jinsi mwili unavyohimili mzigo kwa muda kisha ukachoka, na wengi tunaowapokea wameshafika kwenye kuchoka.

Sasa hojaji. Foleni ikiwa ndefu, anza na maswali mawili ya PHQ-2, hojaji fupi ya kuchuja sonona: kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, na kujisikia huzuni au kukata tamaa, kwa wiki 2 zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, endelea na PHQ-9 yote, hojaji ya maswali tisa, ambayo jumla yake ya juu ni 27: kuanzia 5 ni dalili ndogo, 10 za wastani, 15 za wastani kuelekea kali, 20 kali. Asiyefuata tarehe mfungie muda kwenye kitu anachokijua, kwa mfano "tangu Jumapili ya juzi, siyo hii iliyopita".

Makosa mengi hutokea kwenye maana ya jibu. Mvua za huku hunyesha msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi ya kabla ya mavuno ghala nyingi huwa tupu. Mteja akisema hali chakula vizuri na amekonda, uliza kwanza: "Nyumbani chakula kipo?" Asiyekula kwa sababu unga umeisha anahitaji msaada mwingine, na ukimpa alama 3 za kukosa hamu ya kula umempa sonona isiyo yake. Usingizi ni hivyo hivyo. Mama mwenye mtoto wa miezi miwili anaamshwa. Uliza kama mtoto akilala naye analala, au anabaki macho yameganda darini. Swali la umakini linataja gazeti na televisheni. Lisome lilivyo, kisha fafanua kwa redio, mahubiri au kuhesabu chenji. Usitunge swali jipya, maana alama zitapoteza uzito wake.

Swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, lina sheria yake. Likipata alama yoyote zaidi ya 0, lifuatilie siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni 6 tu. Panda hatua kwa hatua: Umewahi kutamani ulale usiamke? Umefikiria kujitoa uhai? Kwa njia gani? Hicho kitu unacho nyumbani? Umepanga lini? Umewahi kujaribu? Nini kimekuzuia mpaka leo? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi huvuta pumzi ndefu kwa kupata wa kumwambia. Swali la kitu kilichopo nyumbani usiliruke, kwa sababu katika kaya za wakulima dawa ya wadudu na sumu ya panya hukaa chini ya kitanda. Mwenye mpango na njia haachwi peke yake hata kwenda chooni. Ndugu anaelezwa, sumu inaondolewa nyumbani, rufaa inaandikwa na anasindikizwa. Jaribio la zamani familia huficha kwa aibu au kwa kuogopa polisi, hivyo "alikunywa dawa ya mahindi kwa bahati mbaya" uliza tena, kwa upole, mkiwa wawili.

Baada ya hapo tafuta namna anavyokabiliana na mzigo. Wanasaikolojia Lazarus na Folkman, mwaka 1984, walitenganisha njia za kushughulikia tatizo lenyewe na njia za kutuliza hisia, na zote mbili zina kazi yake. Mwenye deni anaweza kupanga marejesho upya; aliyefiwa hana cha kupanga, anahitaji watu, kilio na ibada. Usiulize "unakabilianaje?". Uliza: "Jana mawazo yalipokuja, ulifanya nini? Ilisaidia? Kwa muda gani?" Komoni, pombe ya kienyeji, humsaidia saa tatu, kisha usingizi unakatika alfajiri na pesa imekwisha. Vidonge vya usingizi vya duka la dawa husaidia, halafu dozi inaongezeka. Kusali na wenzake kunamleta kwa watu. Kujifungia siku nzima kwa maombi bila kula kunaweza kuwa kujitenga. Uliza pia shida ya nyuma aliivukaje, na nani angemgongea mlango usiku. Akikosa jina hata moja, hilo ni jambo zito kuliko alama nyingi.

Kuhusu mganga wa kienyeji, uliza "mmeshapita wapi kabla ya kufika hapa?" bila kukunja uso. Unahitaji kujua dawa za mitishamba alizokunywa, na kama alifungwa kamba. Tazama vifundo vya mikono.

Uchunguzi wa hali ya akili mwingi umeshaufanya mkiongea: mavazi, macho, kasi ya maneno, mtiririko wa fikra. Ongeza kidogo. Mpe maneno matatu ayakumbuke baada ya dakika 5, na badala ya kutoa 7 kwenye 100, mpe noti ya elfu kumi anunue kitu cha 3,500, chenji ngapi?

Kwenye faili usiandike "ana msongo". Andika maneno yake: "Anasema silali, nawaza deni la vikoba, ameacha kwaya miezi miwili, anakunywa kila jioni, hana mpango wa kujidhuru, dada yake anaishi jirani." Weka alama za PHQ-9 na za swali la 9 peke yake. Mpangie kurudi baada ya wiki 2, andika namba ya simu ya ndugu aliyemchagua mwenyewe, kisha rudia hojaji ile ile. Kushuka kwa alama 5 ni nafuu ya kweli. Alama zikishuka lakini kwaya bado hajarudi, muulize tena kuhusu kwaya.