Kupika Bia ya Mtama Nyumbani Dodoma: Kimea Kwanza, Kisha Joto

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watumishi wengi wamejikuta na ua mpana, jioni ndefu na hamu ya kujifunza jambo jipya. Baadhi yao huniuliza namna ya kupika bia nyumbani, na karibu wote huanza na vifaa: ndoo gani, chupa gani, hopsi, yale maua makavu ya kuipa bia uchungu, zinaagizwa wapi. Jibu langu ni kwamba bia huku huharibiwa na mambo mawili, kimea kibovu (kimea ni nafaka iliyochipuzwa ikakaushwa) na joto, kwa hiyo hela yako ya kwanza inunue kipimajoto. Hayo mengine yatasubiri.

Maelekezo mengi ya intaneti yameandikwa kwa ajili ya shayiri. Kimea cha shayiri unakiloweka kwenye maji ya nyuzi 65 hivi, na baada ya saa moja wanga umegeuka sukari. Ukifanya hivyo hivyo kwa mtama utapata maji machafu yenye utamu kidogo. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto la juu zaidi, karibu nyuzi 70 na kuendelea, na kwenye joto hilo vimeng'enya vya kimea, vinavyovunja wanga kuwa sukari, huanza kufa. Akina mama wanaopika pombe ya kienyeji Ugogoni walilitatua jambo hili zamani sana: wanapika uji kwanza, wanauacha upoe kiasi, ndipo wanatia kimea. Kabla hujawasha jiko lako, nenda kilabuni mapema, siku ya kupika na si siku ya kunywa. Msalimie mama mwenye chungu kwa heshima, “Mbukwa” ya Kigogo au “Shikamoo mama”, kisha uombe kukaa utazame. Angalia anavyojua joto la uji kwa kuweka mkono ubavuni mwa chungu. Hakuna kitabu kitakachokufundisha hilo.

Sasa kimea. Kinapatikana sokoni kikiwa tayari, lakini anayetaka kuielewa kazi hii atengeneze chake walau mara chache za mwanzo. Tafuta mtama mweupe wa msimu huu, kutoka Bahi au Kongwa au kwa mkulima unayemjua, na muulize waziwazi kama umewekewa dawa ya kuhifadhi. Mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi usiziguse kabisa. Ile rangi ni alama ya dawa. Mtama mwekundu wenye ukakasi ndege hawaupendi, na vimeng'enya navyo vinabanwa na ukakasi huo huo, kwa hiyo anayeanza auache. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi siku mbili. Zisipochipua angalau 90, mtama huo usagie ugali.

Loweka kwa siku nzima ukibadilisha maji kila baada ya saa sita hadi nane. Chuja, tandaza juu ya gunia safi kivulini kwa unene wa vidole viwili, funika kwa gunia jingine bichi. Hewa ya Dodoma ni kavu mno, hasa kuanzia Juni hadi Novemba, na punje hukauka kabla hazijamaliza kazi. Nyunyizia maji asubuhi na jioni, na kila unaponyunyizia geuza rundo kwa mkono. Ukisikia joto katikati, lipunguze unene. Siku ya tatu au ya nne chipukizi zitakuwa na urefu wa sentimita mbili hivi. Hapo anika juani mpaka zivunjike kwa vidole.

Machipukizi mabichi ya mtama yana sumu ya sianidi. Usiyatafune, wala usiwarushie kuku. Yakikauka yasugue kwa viganja na upepete kwa ungo, mizizi na chipukizi zitoke, kisha utakapopika chemsha bila mfuniko. Jambo la pili ni ukungu. Kimea chenye madoa ya kijani au meusi, au kinachonuka uvundo, kitupe shimoni. Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa. Mwaka huo huo wa 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sioni sababu ya mtu yeyote kucheza na jambo hilo kwa ajili ya debe moja la kimea.

Mashineni mwambie msagaji akitoe chenga, asikisage unga laini. Kikiwa laini kitaziba chujio lako na utasimama hapo hadi usiku.

Kwa lita 10 za bia, chukua kilo moja ya unga wa mtama mweupe na kilo moja na nusu ya kimea. Pika unga ule kwa lita saba za maji, uchemke nusu saa huku unakoroga. Sufuria isiwe ile ya mlenda yenye mabaki ya magadi, maana vimeng'enya havipendi magadi, na maji yetu ya visima tayari yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Mimi hukamulia nusu limau. Uji ukishuka hadi nyuzi 69, mimina kimea na ukoroge. Mchanganyiko utatulia karibu na 65. Ifunge sufuria kwa blanketi. Baada ya dakika chache uji mzito unalegea na kuwa mwepesi kama chai, na ukionja una utamu. Nimeliona jambo hili muda mrefu sasa, bado linanifurahisha kila mara. Iache saa moja na nusu. Ukitaka uhakika, nunua ayodini duka la dawa, weka tone kwenye kijiko cha maji ya juu: yakigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, ongeza muda. Tone hilo usilirudishe sufuriani.

Chuja kwa kung'uto au kitambaa, suuza machicha kwa maji moto mpaka ufikishe zaidi kidogo ya lita 10, kisha chemsha juisi hiyo dakika 45. Hapa ndipo tunapoachana na pombe ya kilabuni. Ile haichemshwi baada ya kuchujwa, bakteria wa maziwa mgando wanaichachua, na inanyweka ingali inatoa mapovu ndani ya siku moja au mbili. Ule ukali ndio ladha yake, si kasoro. Bia ya chupa ya kukaa wiki kadhaa inataka bakteria hao wafe kwanza. Ukiwa na hopsi, tia gramu 10 mwanzoni mwa mchemko; usipokuwa nazo, bia itakuwa tamu kidogo na itadumu muda mfupi zaidi, basi.

Tangu sufuria inapotoka jikoni, kila kinachogusa juisi kiwe kimechemshwa au kimelowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu. Jiki inafaa kwa ndoo ikitiwa kidogo tu kwenye maji mengi, lakini suuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe. Klorini ikibaki, bia itanuka kama hospitali na hakuna dawa ya hilo.

Poza haraka kwenye karai la maji, na ikifika nyuzi 22 hadi 24 tia nusu pakiti ya hamira ya gramu 11. Hamira ya mkate inatosha kwa kuanzia. Funika ndoo, toboa mfuniko, pitisha mpira wa dripu ambao ncha yake nyingine inazama kwenye chupa ya maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Hewa ikiingia pamoja na vile vinzi vidogo vya ndizi mbivu, utakuwa umepika siki.

Mwezi wa Oktoba chumba chenye paa la bati Dodoma hupita nyuzi 30 mchana, na hamira ikifanya kazi huongeza joto lake yenyewe. Bia iliyochacha kwenye joto hilo hunuka kama rangi ya kucha na huleta kichwa kibaya. Jokofu la kazi hii si lazima. Weka ndoo ndani ya karai la maji, ivalishe fulana kuukuu ya pamba inayoning'inia hadi majini, iweke penye upepo. Ukavu uleule uliosumbua kimea sasa unakusaidia: maji yanavukiza na ndoo inapoa kwa nyuzi kadhaa. Kuanzia Desemba hadi Aprili unyevu ukipanda, mbinu hii inapungua nguvu; zungushia chupa za barafu. Juni na Julai tatizo linageuka, usiku ni baridi na hamira inalala, kwa hiyo fulana inavuliwa na blanketi linarudi.

Usijaze chupa kwa kuangalia mapovu. Jamaa mmoja wa Nkuhungu aliona mapovu yamekatika, akafunga chupa zake za kioo ilhali haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, ingemwonyesha 1.020. Bia yake ilipaswa kushuka hadi 1.010. Tofauti hiyo ni sukari mara nne ya ile tunayotia chupani kwa makusudi, na joto la chumba likamalizia. Zilipasuka usiku, vipande vikaingia hadi kwenye mlango wa mbao. Watoto walikuwa chumba kingine. Pima leo, pima tena baada ya siku tatu. Namba isipobadilika ndipo ujaze. Ikianza 1.040 na kuishia 1.010, kilevi ni karibu asilimia 4. Tia gramu 6 za sukari kwa lita, iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Kwa mapishi ya mwanzo tumia chupa za plastiki za soda: ukiibonyeza ikawa ngumu kama mpya ya dukani, peleka kwenye friji. Chupa za mvinyo au za pombe kali hazikutengenezwa kwa presha, usizitumie.

Pika kwa ajili yako na wageni wako watu wazima. Kuuza kunahitaji leseni ya halmashauri, na kukeneka, yaani gongo, ni kosa la jinai na ni hatari kwa moto na kwa sumu, hata kama rafiki atakwambia ni hatua moja tu mbele.

Ukimaliza kujaza, usimwage masimbi ya chini ya ndoo, maana ndiyo hamira iliyotulia. Yatie kwenye chupa iliyochemshwa, funga bila kukaza, weka kwenye friji, na ndani ya wiki mbili kijiko kikubwa kimoja au viwili vitaanzisha ndoo inayofuata kwa kasi kuliko pakiti. Umeme ukikatika siku nzima na yakianza kunuka vibaya, yaache. Hamira mpya ni bei ndogo.