Kinu cha mkono kwanza, vyombo vingine baadaye

Mhariri, wiki hii mmeuliza mtu aliyepiga kambi ndani ya vani isiyo na umeme atapataje kahawa nzuri. Jibu langu ni kwamba anunue kinu cha mkono kabla ya kufikiria chombo kingine. Maji hayajui yamechemshwa kwa gesi au kwa umeme. Kazi ambayo gesi haiwezi kumfanyia ni moja tu, kusaga.

Tena kusaga ndiko kwenye utamu wenyewe. Punje zilizokaangwa zikifungwa vizuri hudumu na harufu yake kwa majuma kadhaa, lakini zikishasagwa hewa huingia kila chembe na harufu huanza kukimbia papo hapo. Ndani ya gari linalopigwa na jua mchana kutwa, kahawa ya unga haina maisha. Mtu akichagua kinu, ashike mpini aone kama mhimili unacheza. Ukicheza, kinu kitatoa vumbi na mapande kwa pamoja; vumbi hutia uchungu, mapande hayaivi na huacha uchachu, na vyote viwili vinakutana katika kikombe kimoja. Vinu vyenye meno ya chuma na mhimili ulioshikwa na beringi ni ghali zaidi, lakini hapo ndipo pa kutoa pesa.

Kipimo hakina siri: gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani gramu 15 kwa kikombe cha mililita 250. Asiyetaka kubeba mizani apime kabla ya safari ajue kijiko chake kinachukua kiasi gani.

Sasa chombo. Kinachoadimika garini ni maji kuliko moto, kwa hiyo mimi hukipima chombo kwa jinsi kinavyooshwa. Birika la kioo la kusukuma kwa chujio naliacha nyumbani: machicha hung'ang'ania kila pembe, na kioo na barabara ya mashimo haviishi pamoja. Moka, birika dogo la chuma la kuwekwa jikoni, lile la kampuni ya Bialetti lililoanza Italia mwaka 1933, hutoa kahawa nzito ninayoipenda, ila hutetereka juu ya jiko dogo, na anayetaka kikombe cha pili lazima asubiri ipoe. AeroPress ya Mmarekani Alan Adler, iliyotoka mwaka 2005, ni bomba la plastiki lisilovunjika, la kusukumia kahawa kwa mkono. Ukimaliza unasukuma machicha yanatoka yameshikana, unafuta, basi.

Asiye na chochote ana sufuria. Chemsha maji, zima moto, tia kahawa iliyosagwa chengachenga, koroga, funika dakika 4. Vunja tabaka la juu kwa kijiko, ngoja tena dakika chache mashapo yazame, kisha mimina polepole na usiwe mroho wa tone la mwisho. Wengi huharibu kahawa hii kwa kuiacha itokote pamoja na maji.

Mlimani mambo hubadilika kidogo. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 1 pungufu, hivyo kwenye mita 3,000 yanachemka karibu na nyuzi 90. Ule ushauri wa kawaida wa kuyaacha maji yapoe kidogo kabla ya kuyamimina kwenye kahawa hauna kazi huko. Yamimine yakiwa bado yanatokota. Na penye baridi kali, mtungi wa jiko wenye gesi ya butani peke yake hugoma joto likikaribia nyuzi 0. Chukua ule ambao butani yake imechanganywa na gesi ya propani.

Jiko liwashwe nje, au angalau mlango uwe wazi kabisa, hata kama mvua inaingia, maana kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, haina harufu ya kukuamsha. Machicha nayo yasimwagwe kwenye sinki la gari. Yatakwama kwenye bomba, na kuzibua bomba lile ukiwa umelala chali chini ya gari si kazi ya asubuhi.